Ngoma, Kamba na Tope la Ludara

Swali la kwanza la fundi halikuhusu winchi hata kidogo. Alimwuliza dereva, "Mara ya mwisho mlipokwama, tope lilifika wapi?" Dereva akaweka kiganja juu ya tairi la mbele, akakipandisha taratibu, akakituliza kwenye ukingo wa madigadi. Fundi akatoa chaki mfukoni, akachora mstari mweupe pale pale mkono ulipokuwa, akarudi nyuma hatua mbili na kuutazama kama mshonaji anavyotazama pindo. Mstari ule ulikaa kwenye gari mpaka kazi ilipokwisha. Hakuna aliyeruhusiwa kuufuta.

Gereji yake iko Arua, chini ya mwembe, upande wa barabara ya Koboko. Chini ya mwembe huo utasikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, na Kilingala cha waliovuka kutoka Aru na Ariwara; lakini mtu akihitaji spana, wote huhamia Kiswahili. Barabara yenyewe siku hizi ni lami, kilomita 92 kutoka Vurra mpaka Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, na hata gari dogo hupita bila wasiwasi. Ila lami ni uti wa mgongo tu. Ukiiacha Koboko ukaelekea vijiji vya Ludara, unarudi kwenye marramu nyekundu ya miinukoni na udongo mweusi wa mabondeni, ule ambao kiangazi hupasuka kama kisigino na masika hunata kama ugali uliokosa moto.

Gari lililoletwa lilikuwa pikapu ya Land Cruiser ya mfululizo wa 79, injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na tabo, mali ya kikundi kinachotengeneza pampu za mkono vijijini. Pampu haingoji kiangazi ndipo iharibike. Wenye gari walikuwa wamechoka kusukumwa na wanakijiji wale wale waliokuwa wakingoja maji, basi walitaka winchi, mashine ya gari kujivuta kwa kamba, na walitaka ifungwe siku hiyo hiyo. Walikuja na moja mpya ndani ya boksi. Fundi akawapa viti, akaagiza chai.

Kisha akaanza kupima uzito. Alichukua kifuniko cha katoni na kalamu, akaandika gari tupu bila mafuta: kilo 2,050. Tangi la gari hili hubeba lita 130 za dizeli. Lita moja ni gramu 840 hivi, kwa hiyo kilo 109. Mabomba kumi ya pampu, kila moja mita tatu, kilo 100. Masanduku ya vifaa, mnyororo na matairi mawili ya akiba, 250. Mifuko minne ya saruji, 200. Watu watano aliwapa kilo sabini sabini, mpaka tanboi aliposimama kuchukua chai. Akakata ya mwisho, akaandika 90. Mwisho akaongeza kilo 90 za winchi yenyewe pamoja na bampa lake, kitu ambacho wengi husahau, kwamba mkombozi naye ni mzigo. Jumla ikaja 3,169. Akaandika 3,200, akapiga mstari.

Kanuni inayojulikana na mafundi wengi ni kuzidisha uzito wa gari lililosheheni mara moja na nusu. Hiyo ni 4,800. Winchi huandikwa nguvu zake kwa ratili, kwa sababu soko kubwa la kwanza la vitu hivi lilikuwa Marekani. Ratili 9,500 ni kilo 4,300 hivi, na ratili 12,000 ni kilo 5,443. Kwa hesabu hiyo ya katoni, ya 9,500 ilikuwa imeshatoka mashindanoni kabla haijaletwa mezani.

Nilidhani hapo ndipo pa kuchagua. Yeye alirudi kwenye mstari wake wa chaki. Tope likifika nusu ya gurudumu, akasema, gari linavuta uzito wake wote mara moja. Likifika madigadi, mara mbili. Likifika mlangoni, mara tatu. Wanajeshi wanaokokota magari hutumia vipimo hivyo hivyo, na yeye alivifahamu kwa njia zote mbili, ya kuambiwa na ya kuzama. Mara mbili ya 3,200 ni 6,400. Hakuna winchi kati ya zilizokuwapo pale yenye nguvu hizo kwa mvuto mmoja. Akaweka kidole kwenye kitovu cha gurudumu. "Namba ya winchi inaishia hapa," akasema. "Kutoka hapa kupanda juu ni kazi ya koleo na kapi."

Winchi zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ile ya kwenye boksi, nyeusi, inang'aa, imeandikwa ratili 13,000 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kiwanda. Ya pili ilikuwa kuukuu, imetoka kwenye mnada wa magari ya mashirika. Tangu kambi ya Bidibidi ilipofunguliwa kule Yumbe mwaka 2016, magari ya namna hiyo yamejaa upande huu wa Nile, na yakizeeka huuzwa yakiwa na kila kitu chake. Hiyo iliandikwa 12,000, ingawa kuisoma ilibidi uikwangue udongo kwanza. Ya tatu ililala kwenye majani nyuma ya gereji na haikuwa na maandishi yoyote.

Alianza na ile mpya, na aliishika kwa heshima. Aliigeuza, akasoma bamba lake lote, hadi herufi ndogo. Mota yake ilikuwa ya sumaku. Mota ya sumaku ni nyepesi, haina pupa ya umeme, na kwa mvuto mfupi inafanya kazi nzuri. Shida yake ni joto. Ikivuta mfululizo inachemka upesi, na sumaku ikichemka hulegea. Mota ya koili, ambayo uga wake hutengenezwa na waya uliosukwa ndani, hunywa umeme zaidi, lakini mzigo ukizidi nayo huzidi kukaza. Akairudisha kwenye boksi na kuifunga vizuri kama ilivyokuja. "Hii ni ya mtu anayekwama mara moja kwa mwaka," akawaambia wenye gari. "Nyinyi mnakwama mara ngapi?" Wakatazamana. Hawakujibu.

Ile ya majanini ilikuwa winchi ya mtindo wa zamani isiyotumia umeme kabisa. Land Cruiser za zamani zilikuja na kitu hiki: mhimili unatoka kwenye gia boksi, unapita chini ya injini, unazungusha gia ya parafujo, na gia inazungusha ngoma. Nguvu yake ni injini yenyewe. Itavuta kutwa nzima bila kuomba pumzi, na mzigo ukizidi kiasi, pini laini iliyowekwa makusudi hukatika ili chuma kingine kipone. Fundi aliipangusa kwa kitambaa huku akiisimulia, na ilikuwa dhahiri kwamba moyo wake uko hapo. Lakini mhimili haukuwapo, viungo vyake havikuwapo, na tena gari likizimika mtoni winchi ya namna hiyo huzimika nalo. Aliitia grisi kidogo, akaizungusha mara mbili kwa mkono, akairudisha majanini na kuifunika bati.

Ikabaki ya mnada. Hata hiyo hakuikubali. "Nitaifungua kwanza," akasema. "Njooni kesho kutwa."

Siku ya pili nilikuja mapema, nikamkuta ameshatandika gunia lililofuliwa. Kila kipande kilichotoka kilipangwa juu yake kutoka kushoto kwenda kulia kwa mpangilio wa kutoka, ili kurudi kwake kuwe kutoka kulia kwenda kushoto. Mwanagenzi wake, kijana mwenye haraka ya umri wake, alikuwa na kazi moja: kutogusa.

Mota ilitoka kwanza. Ndani yake, kaboni nne zilikuwa zimebaki zaidi ya nusu. Alizipima kwa kalipa, moja baada ya moja, akaandika vipimo kwenye katoni ile ile ya jana. Shaba zinazosuguliwa na kaboni zilikuwa zimefanya weusi. Alizizungushia msasa laini uliokunjwa, bila kukandamiza, mpaka zikarudi rangi ya senti mpya. Kisha akachukua kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa ubavu, akapitisha katikati ya kila shaba na jirani yake kutoa vumbi. Mifereji hiyo ni myembamba kama unyuzi. Vumbi la shaba likibaki humo, umeme hukata njia ya mkato na mota huungua kutoka ndani. Ilimchukua karibu saa nzima. Sikumwona akiangalia saa, wala akihesabu mifereji iliyobaki.

Gia zilifuata. Mota huzunguka upesi sana na ngoma huzunguka polepole sana. Katikati yao kuna hatua tatu, na kila hatua ni gia ndogo ya kati iliyozungukwa na gia tatu, zote zikitembea ndani ya pete yenye meno. Watu wa magari huziita gia za sayari. Kila hatua hupunguza mwendo zaidi ya mara sita na kuzidisha nguvu kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo mota huzunguka mara 260 hivi ndipo ngoma izunguke mara moja. Fundi alitaka mwanagenzi aijue namba hiyo kwa mkono na si kwa mdomo. Alichora alama ya chaki kwenye ngoma, akamwambia azungushe mhimili wa mota na kuhesabu kwa sauti mpaka alama irudi. Kijana alipotea kwenye mia mbili na kitu. Akaambiwa aanze upya. Mara ya pili alifika, jasho likimtoka, na nadhani hatapotea tena maisha yake yote.

Grisi ya zamani ilikuwa imegeuka utomvu. Ilioshwa kwa dizeli, meno yakakaguliwa juani moja moja, mpya ikapakwa kwa kidole. Hakujaza, grisi ikizidi huzuia na kuchemsha. Breki aliitenga mbali kabisa, kwenye karatasi yake. Breki ya winchi nyingi za umeme hukaa ndani ya ngoma, na ndiyo inayoshika gari kilimani mota inaponyamaza. Tone moja la grisi kwenye nyuso zake na gari la tani tatu litarudi kinyumenyume. Aliifuta kwa kitambaa kikavu, akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta tena.

Alipofunga, alipitisha uzi mwembamba wa silikoni kwenye kila maungio, kwa sababu winchi iko mbele ya gari na ndiyo inayoingia mtoni kabla ya dereva. Akaiunga kwenye betri chini, akabana mita kwenye waya. Bila mzigo ilisoma ampea 70 na kitu. Akaitegea sikio. Mimi nilisikia mvumo tu. Yeye alisikia bushi moja upande wa kulia, akaifungua tena upande huo. Bushi ilikuwa imelika kiasi ambacho kucha yangu haikukihisi. Akachonga nyingine kwenye mashine ya jirani.

Wakati bushi inachongwa alinifundisha jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kuandikwa kwenye boksi kwa tarakimu zile zile kubwa. Nguvu ya winchi iliyotangazwa ni ya tabaka la kwanza tu la kamba juu ya ngoma. Ngoma hii ina kipenyo cha milimita 64 na kamba yake milimita 9.5. Kamba inapojikunja juu ya kamba, ngoma inanenepa, na ngoma nene ni kama jembe ulilolishika karibu na bati: unasukuma zaidi na unapata kidogo. Tukapiga hesabu pamoja. Tabaka la kwanza, kilo 5,443. La pili, 4,300 na kidogo. La tatu, 3,600 hivi. La nne, 3,100 hata hazikutimia. Maana yake ni kwamba dereva aliyekwama mita tano tu kutoka kwenye mti, akafungua kamba kidogo na kuiacha nyingine yote ngomani, ana winchi isiyoweza kuvuta hata uzito wa gari lake. Kanunua tani tano na nusu, anatumia tatu. Kisha analaumu kiwanda.

Kamba ilizua ubishi, na hapo sikukubaliana naye. Siku hizi kuna kamba za nyuzi za plastiki ngumu, nyepesi hata zinaelea majini, na zikikatika haziruki kwa ukatili kama chuma. Kamba ya chuma ya urefu wa mita 26 ina uzito wa karibu kilo kumi. Ya nyuzi haifiki mbili. Yeye alichagua chuma. Sababu zake zilikuwa tatu, na alizitoa bila kupandisha sauti: jua la hapa litaichoma kamba ya nyuzi mwaka mzima mbele ya bampa, mchanga utaingia katikati ya nyuzi na kuzisaga, na gari hili lina madereva wanne ambao hakuna hata mmoja atakayeiosha. Yote ni kweli. Bado mimi ningechukua ya nyuzi, maana nimeona alama ambayo chuma kilichokatika kiliiacha kwenye gome la mti, na mti hauna macho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaongeza kwenye orodha jozi mbili za glavu za ngozi, na turubai zito la kulaza juu ya kamba inapovuta ili ikikatika ianguke chini. Ilikuwa ndiyo njia yake ya kunikubalia nusu.

Siku ya tatu ilikuwa ya kufunga. Bampa jipya lilikatwa kwenye bati la milimita sita na kuchomelewa mbali na gari. Kwenye chasi yenyewe hakuchomelea kitu. Moto hudhoofisha chuma cha chasi, na ufa huanza miezi mingi baadaye, wakati fundi ameshalipwa na kusahauliwa. Alitumia matundu ya kiwandani na bolti zenye namba 8.8 kichwani, akazikaza kwa msalaba, kisha akazitia kila moja nukta ya rangi nyekundu iliyovuka kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bati. Nukta ikigawanyika, bolti imelegea. Dereva hahitaji spana kulijua hilo, macho yatosha.

Umeme ulipewa asubuhi nzima. Winchi hii ikivuta kwa nguvu zake zote hunywa ampea 400 au zaidi, na alteneta ya gari hutoa kama 80. "Anakunywa kwa ndoo, anajaziwa kwa kikombe," akasema fundi. Dakika tano za mvuto wa namna hiyo hutafuna zaidi ya theluthi ya betri ya N70. Kwa hiyo aliongeza betri ya pili, akavuta waya mbili nene kama kidole gumba moja kwa moja hadi kwenye betri, chanya na hasi zote, akikataa kuiachia chasi kazi ya kurudisha umeme. Kila mahali waya ulipopita karibu na chuma aliuvika mpira wa bomba. Akaweka swichi kuu ya kukata, mahali ambapo dereva ataifikia akiwa amesimama nje.

Kabla ya kufunga alikuwa amepima kimo cha gari kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi. Akapima tena. Pua ilikuwa imeshuka milimita 18. Akalisogeza gari mbele ya ukuta jioni ilipoingia, akainua taa za mbele kwa bisibisi mpaka zikarudi kwenye alama aliyoichora jana yake. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo, na sidhani mwenye gari anajua mpaka leo.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kuviringisha kamba. Ilianzia chini ya ngoma, kwa sababu winchi ya aina hii ikiviringishwa kwa juu breki yake haishiki. Mizunguko mitano ya kwanza aliilaza kwa mkono, nayo haitakiwi kufunguliwa kamwe. Msuguano wa mizunguko hiyo ndio unaobeba mzigo, ile bolti ndogo ya mwisho wa kamba ni ya kuishikilia tu. Kisha wakalipeleka gari kwenye mteremko mpole, wakanyoosha kamba yote mpaka kwenye mti wa juu, dereva akakanyaga breki kidogo, na gari likaanza kujivuta kupanda. Fundi alitembea kando, mkono wenye glavu ukiiongoza kamba kwa mbali, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake kama mkeka unaosukwa. Ukitokea mwanya wa nusu milimita alipaza sauti, "Simama!" Wakarudi nyuma mzunguko mmoja, wakaanza. Kamba iliyoviringishwa ikiwa legevu hujichimbia katikati ya ndugu zake siku ya mzigo mkubwa, ikanasa, na huo ndio mwisho wake. Mita 26 zilichukua zaidi ya saa moja. Ngoma ilipotulia, ilikuwa kama kigoda kilichochongwa kwa kipande kimoja cha chuma.

Alikataa kulipwa kabla ya Ludara. Tukaenda asubuhi iliyofuata mvua kubwa, gari likiwa na mzigo wake wote kama ulivyoandikwa kwenye katoni, mabomba, saruji na tanboi. Bonde alilichagua yeye. Njia ilishuka kati ya mashamba ya mihogo, ikavuka kijito, ikapanda ng'ambo. "Ingia," akamwambia dereva. Dereva akamwangalia mara mbili ndipo akaingia. Gari lilikwenda mita kumi na tano, likapunguza, likakaa. Tope lilipanda polepole hadi likavuka vitovu vya magurudumu, likasimama upana wa viganja viwili chini ya mstari wa chaki.

Fundi alivua viatu. Kitu cha kwanza alichoshika kilikuwa koleo. Alichimba mbele ya kila tairi mpaka mpira ukaonekana, akachimba chini ya tumbo la gari pale ekseli ilipolala juu ya udongo, akafungua mfereji mdogo maji yaondoke. Mwanagenzi aliuliza kwa nini wasijaribu winchi kwanza. "Kila koleo moja ni kilo ambazo kamba haitazivuta," akajibiwa, akapewa koleo la pili.

Mbele, mita kumi na moja hivi, ulikuwapo mwembe, na mwembe una mwenyewe. Fundi alipanda hadi nyumba ya karibu, akamsalimia mama aliyekuwa akianika mihogo, akaeleza, akangoja. Mama alishuka naye kuona ukanda utakaofungwa kwenye mti wake. Ulikuwa mkanda mpana wa kitambaa kigumu; chuma kikizungushwa kwenye mti hukata gome, na gome likikatwa pande zote mti hufa. Aliugusa, akaukunja, akatikisa kichwa kukubali. Ukafungwa chini kabisa ya shina.

Kwenye mkanda ikaja shakeli, ile pingu ya chuma ya pini ya hesi. Aliikaza hadi mwisho kisha akairudisha robo mzunguko, isije ikagoma kufunguka baada ya mzigo. Kwenye shakeli likaja kapi. Mabaharia wa pwani wana jina lao la kitu hiki, roda, na tanga la jahazi halipandi mlingotini pasipo hiyo. Huku, mbali na bahari, kazi ni ile ile. Kamba ilitoka kwenye winchi, ikazunguka kapi, ikarudi kwenye ndoano ya chasi, na kwa namna hiyo mvuto ukawa maradufu na mwendo ukawa nusu. Tena kwa kuwa kamba ilienda na kurudi, karibu yote ilikuwa nje. Ngomani lilibaki tabaka la kwanza, lile lenye nguvu zote. Sikuhitaji kuuliza. Hesabu za katoni zilikuwa zimelala pale topeni, zimenyooka.

Turubai likatandazwa juu ya kamba. Watoto walikuwa wamekusanyika ukingoni. Fundi aliwaomba wasogee, wakasogea hatua tatu. Akaomba tena. Akaketi juu ya jiwe na kungoja, kidude cha kuendeshea winchi mkononi, mpaka mama mwenye mwembe alipowapeleka wote nyuma ya nyumba yake.

Injini ikaongezwa mwendo kidogo. Kamba ikakaza, ikalia mara moja, ikanyamaza. Fundi alivuta kwa muda mfupi, akaachia, akaweka kiganja juu ya mota. Akavuta tena. Mwanzoni kilichotembea kilikuwa tope tu, likijikunja mbele ya matairi. Halafu gari likatoa sauti ya kufyonza, pua ikainuka, na likaanza kuja, kiasi cha hatua moja kwa dakika. Alisimama mara tatu kungoja mota ipoe. Mara zote tatu dereva alitaka kukanyaga mafuta, na mara zote tatu fundi alimwinulia kidole kimoja.

Tairi za mbele zilipogusa marramu ngumu akazima winchi, akamruhusu dereva atoke kwa nguvu za gari lenyewe. Mkanda ukafunguliwa na mama akakagua gome la mti wake. Kamba ikarudishwa ngomani kwa mvuto, mzunguko kwa mzunguko, pale pale kijijini, kwa saa nzima nyingine, huku mafundi wa pampu wakishusha mabomba na kutembea nayo kwa miguu kuelekea kisimani.

Nilikuwa nimeangalia saa gari lilipokwama na nikaangalia tena lilipotoka: dakika 52. Katika hizo, mota ya winchi iliunguruma dakika saba.